Mrija wa Dola 35 na Mrija wa Dola 650: Tuchague Nini kwa Watoto Wenye Vichwa Vikubwa?

Yafuatayo ni maneno ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi aliyoyatoa mbele ya wajumbe wa kamati za sharika na wageni wahisani waliokutana Igoma, Mwanza. Tunayachapisha kwa faida ya sharika ambazo hazikuweza kutuma wajumbe.



Nimeombwa nieleze jambo ambalo kwa sura ni la kidaktari, lakini uamuzi wake uko mezani kwenu. Wahisani wetu wameandika kwamba wako tayari kutusaidia kununua vifaa vya upasuaji kwa watoto wenye vichwa vikubwa. Wakatuuliza: "Tununue kifaa cha aina gani?" Wajumbe wengine wamekwisha kujibu kwamba tununue kilicho ghali zaidi, maana mtoto wa maskini naye anastahili kilicho bora. Jibu hilo lina upendo ndani yake. Lakini kabla hundi haijaandikwa, inafaa tuelewane neno "bora" lina maana gani kwa mtoto wa Kisesa, wa Magu au wa Ukerewe.

Mimi si daktari, ni mtu wa miradi. Nitakayoyasema yametoka katika taarifa za madaktari zilizochapishwa, na mengine ni hesabu ya kawaida ya nauli ambayo kila mmoja wenu anaijua kuliko mimi.

Maji yasiyopata njia

Ndani ya ubongo wa kila mmoja wetu kuna vyumba vidogo vinavyotengeneza maji safi. Kwa mtu mzima hufika kama nusu lita kwa siku. Maji hayo huuzunguka ubongo na uti wa mgongo, kisha hunyonywa na kurudi kwenye damu. Njia ikiziba, maji huendelea kutengenezwa ila hayatoki. Kwa mtoto mchanga, ambaye mifupa ya kichwa haijashikana, kichwa hutanuka na ubongo hubanwa. Utosi huvimba, mishipa ya kichwani huonekana, macho huelekea chini kama jua linapotua, na mtoto hutapika na kulia bila kutulia.

Hapa hakuna kulogwa, wala mama hakufanya kosa. Wapo watoto wanaozaliwa na hali hii, na wapo wanaoipata pamoja na mgongo wazi. Lakini kwetu Afrika Mashariki wengi huipata baada ya kuzaliwa. Mwaka 2005 Dk. Benjamin Warf, aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya watoto ya CURE mjini Mbale, mashariki mwa Uganda, alichapisha taarifa ya watoto 300 wenye ugonjwa huu. Zaidi ya nusu yao uliwapata kwa sababu ya maambukizi ya ubongo, hasa yale ya siku za mwanzo za maisha. Homa ya mtoto wa wiki mbili inayochukuliwa kuwa "itapita tu" ndiyo mara nyingi huanzisha habari hii.

Tiba iliyozoeleka ni mrija. Mitaani husikia wazazi wakisema "amewekewa mpira". Madaktari huuita shanti. Ncha moja huingia ndani ya chumba cha ubongo. Mrija hupita chini ya ngozi nyuma ya sikio, shingoni na kifuani hadi tumboni, na maji hunyonywa huko. Katikati pana vali inayoruhusu maji kupita upande mmoja tu, tena yanapozidi kiasi fulani. Katika mirija mingi, karibu na vali pana kinundu laini unachoweza kukigusa chini ya ngozi. Hapo ndipo daktari huweza kuingiza sindano nyembamba, akachota maji kidogo na kuyapima kama yana vijidudu, bila kumpasua mtoto upya.

Kifaa hiki kina historia inayowahusu wazazi zaidi ya matajiri. Vali iliyoenea kwanza ilianza kutumika Marekani mwaka 1956, na aliyeibuni ni fundi John Holter, ambaye mwanawe mwenyewe alikuwa na ugonjwa huu. Miaka minne baadaye, mtoto mchanga wa mwandishi Roald Dahl aligongwa na teksi mjini New York akiwa ndani ya kigari chake. Huyu Dahl aliwahi kuishi Dar es Salaam kati ya 1938 na 1939 akifanya kazi katika kampuni ya mafuta ya Shell. Maji yalijaa kichwani mwa mtoto, na mrija aliowekewa ukawa unaziba mara kwa mara. Baba akamwendea Stanley Wade, fundi wa injini ndogo za ndege za kuchezea, na daktari wa upasuaji Kenneth Till wa London. Watatu hao wakabuni vali isiyoziba kirahisi, nao wakakubaliana wasichukue faida yoyote. Vali ilipokuwa tayari, mtoto wa Dahl hakuihitaji tena. Walioipata ni watoto wa watu wengine.

Mirija miwili yapimwa Mbale

Sasa nije kwenye swali la wahisani. Kuna mrija unaotengenezwa India uitwao Chhabra, na kuna mrija wa kampuni ya Marekani uitwao Codman-Hakim. Dk. Warf na wenzake hawakutaka kubishana kwa maneno. Walichukua watoto 195, wengine wakawekewa wa India na wengine wa Marekani, kisha wakawafuatilia kwa mwaka mmoja. Matokeo yalichapishwa mwaka 2005. Kwa bei za wakati huo, mrija wa India uligharimu dola 35 na ule wa Marekani dola 650.

Wakahesabu mirija iliyoziba, iliyopata vijidudu, iliyohama mahali pake, na watoto waliofariki. Katika mambo yote hayo hawakuona tofauti ya maana kati ya mirija hiyo miwili.

Najua mtu atasema: hiyo ni Uganda, labda kwa wenzetu matajiri mambo ni tofauti. Mwaka 1998 ulichapishwa utafiti wa watoto 344 katika hospitali za Amerika ya Kaskazini na Ulaya. Huko walilinganisha vali za aina tatu, zikiwamo mbili za kisasa zilizobuniwa kushinda ile ya kawaida. Hakuna iliyoizidi mwenzake. Tena, kwa aina zote, kama mirija minne katika kila kumi ilishindwa kabla ya mwaka kwisha. Hizo ni hospitali zenye umeme usiokatika na madaktari wasio na foleni.

Basi tuna mambo mawili ya kushika. La kwanza, bei haikuleta tofauti. La pili, mrija wowote unaweza kushindwa, na mara nyingi hushindwa mapema.

Mzee mmoja wa usharika ameniuliza swali la haki: "Mwaka mmoja unatosha? Huenda cha rahisi kikaharibika mwaka wa tano." Ni kweli utafiti wa Mbale uliwafuata watoto kwa mwaka mmoja tu. Lakini mwaka huo wa kwanza ndio wenye hatari kubwa kuliko mingine, na mtoto asiyeuvuka hana mwaka wa tano. Naomba pia tusichanganye bei ndogo na kifaa hafifu. Hatusemi tununue chochote kilichopo sokoni. Kifaa kiwe kimeidhinishwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, kifungashio chake kisiwe kimefunguka, na tarehe yake isiwe imepita. Kwa upole nawaomba wahisani wetu: vifaa visije ndani ya mabegi ya wageni, hata kama nia ni njema.

Vali inayorekebishwa kwa sumaku

Kuna aina ya tatu iliyotajwa katika barua, nayo inavutia. Ni vali ambayo daktari anaweza kuibadilisha ipitishe maji zaidi au kidogo baada ya mtoto kupona kidonda, kwa kuweka chombo chenye sumaku juu ya ngozi. Hakuna kupasua tena. Kwa wagonjwa fulani ni msaada mkubwa.

Lakini vali hiyo ina mwenzake. Kila kampuni ina chombo chake cha kuirekebishia, na cha kampuni moja hakifanyi kazi kwa vali ya nyingine. Nyingine hubadilika zenyewe mgonjwa anapoingizwa kwenye mashine kubwa ya picha inayotumia sumaku, hivyo lazima zipimwe upya akitoka. Ukimwekea mtoto vali hiyo, na hospitali anayorudi haina chombo chake, umempa kufuli bila ufunguo. Kabla ya kuinunua, swali si "ni ya kisasa kiasi gani?" bali "nani hapa kanda ya ziwa ana chombo chake, na atakuwa nacho miaka mitano ijayo?"

Upasuaji usioacha kifaa

Ipo njia nyingine ambayo haimwachii mtoto mrija wowote. Daktari huingiza kamera nyembamba ndani ya ubongo, akatoboa tundu dogo ili maji yapate njia mpya. Huko Mbale waliongeza hatua ya pili ya kuchoma sehemu ya nyama laini inayotengeneza maji hayo, ili yapungue. Kwa watoto wa chini ya mwaka mmoja, tundu peke yake lilifanikiwa kwa asilimia 47. Tundu pamoja na kuchoma lilifanikiwa kwa asilimia 66. Utafiti huo nao ni wa mwaka 2005, na ulihusu watoto 550.

Je, njia hiyo inaushinda mrija? Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanyika hapo hapo Mbale kwa watoto 100 waliougua baada ya maambukizi. Kura ndiyo iliyoamua nani apate mrija na nani apate kamera. Baada ya miezi 12 akili za watoto wa makundi yote mawili zilikuwa zimekua sawasawa. Tiba ilishindwa kwa asilimia 35 ya waliopata kamera na asilimia 24 ya waliopata mrija, tofauti ambayo kwa hesabu za kitaalamu haikutosha kusema moja ni bora kuliko nyingine.

Faida ya kamera ni kwamba ikishindwa, kwa kawaida hushindwa miezi sita ya mwanzo. Mrija unaweza kuziba leo, ukaziba tena mtoto akiwa darasa la nne. Hasara yake ni kwamba inahitaji mashine na daktari aliyefundishwa kuitumia. Kwa hiyo tusiandike mkataba wa fedha unaosema "mirija tu". Tuandike "matibabu", na daktari aamue.

Dola 615 zilizobaki

Sasa tufanye hesabu ya nyumbani. Chukueni zile dola 650 za utafiti. Kwa mrija mmoja ghali, zimekwisha. Kwa mrija wa dola 35, zinabaki dola 615. Naomba tuziangalie hizo 615.

Chukulieni mama anayetoka Ukerewe. Mtoto amefanyiwa upasuaji Bugando, amepona, wamerudi nyumbani. Miezi miwili baadaye, usiku, mtoto anaanza kutapika, analala kuliko kawaida, utosi umevimba, au ngozi imekuwa nyekundu pale mrija unapopita. Dalili hizo hazingoji siku ya kliniki. Lakini mama anangoja. Anangoja meli ya Nansio, anangoja mume aliyeko ziwani, anangoja mtu wa kumkopesha. Akifika mjini anatafuta pa kulala. Kila siku anayongoja ubongo unabanwa, na uliobanwa muda mrefu haurudi kuwa kama ulivyokuwa hata mrija ukibadilishwa.

Kwa mama huyo tofauti kati ya India na Marekani haipo. Iliyopo ni tofauti kati ya kufika kesho asubuhi na kufika wiki ijayo. Mrija ulioziba ni mrija ulioziba, uwe wa dola 35 au wa dola 650.

Wahisani wetu, naomba niseme waziwazi kwa heshima. Kifaa kinapendeza kwenye taarifa. Kina boksi, kina risiti, kinapigwa picha. Nauli haina sura. Ni tiketi ya meli iliyokunjwa na bodaboda ambaye hatoi risiti. Naelewa ugumu wenu mbele ya wakaguzi wa hesabu. Kwa hiyo nimeandaa fomu ya ukurasa mmoja: safari, tarehe, kiasi, sahihi ya mzazi, sahihi ya mwinjilisti, na muhuri wa hospitali kuthibitisha kwamba mtoto alifika. Mtoto kufika hospitali ndiyo risiti yetu.

Mapendekezo

Ninaleta mapendekezo matano mbele ya kamati.

Moja. Uchaguzi wa kifaa ubaki kwa daktari anayepasua. Mfuko ulipie aina ambayo hospitali imeizoea na inayo akiba yake. Daktari akiomba kifaa cha bei kubwa kwa sababu ya mtoto fulani, aandike sababu, na tutalipa.

Mbili. Hakuna mtoto atakayelipiwa upasuaji kabla fedha ya safari zake za kurudi kwa mwaka mzima haijatengwa kwa jina lake, na sehemu yake ikae kwa mtunza hazina wa usharika wa karibu, si ofisini kwetu mjini. Mtoto akianza kutapika usiku wa Jumamosi, fedha isingoje sahihi ya Jumatatu.

Tatu. Kila usharika upate tepu ya kupimia, ile ya fundi cherehani, na mtu wa kuitumia aliyefundishwa na muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto. Kichwa cha mtoto anayezaliwa kwa wakati ni kama sentimita 35. Huongezeka kama sentimita 2 kwa mwezi katika miezi mitatu ya mwanzo, kisha hupunguza mwendo. Kikizidi hapo, asisubiri mwezi mwingine. Tepu ni kitu rahisi kuliko vyote nilivyotaja leo, nayo inafanya kazi kabla ya kisu.

Nne. Sharika za Igoma na jirani zake ziandikishe nyumba za kupokea wageni. Hapa tupo kwenye barabara ya Musoma, karibu na stendi ya Nyamhongolo, ambapo wazazi kutoka Mara na Simiyu hushukia. Kitanda kimoja na chakula cha jioni ni mchango kamili, hata kwa familia isiyo na fedha. Akina mama wa usharika wanalijua hili kuliko ofisi.

Tano. Taarifa zetu kwa wahisani zibadilike. Tusihesabu mirija iliyonunuliwa. Tuhesabu watoto waliofikisha mwaka mmoja baada ya upasuaji: wangapi wako hai, wangapi wamerudi kliniki, wangapi wanakaa, wangapi wanatembea. Najua hesabu hiyo itakuwa ndogo kuliko ya kwanza, na kuna robo mwaka itakayotuumiza kuiandika. Iandikwe hivyo hivyo.

Niongeze neno juu ya kinga, kwa sababu tiba zote hizi hazimrudishii mtoto yote aliyopoteza. Mtoto mchanga mwenye homa, asiyenyonya au aliyelegea, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Kitovu kiachwe kisafi, kisipakwe kitu ambacho muuguzi hakukiagiza. Kuhusu mgongo wazi, vidonge vya foliki asidi husaidia vikianza kabla ya mimba, kwa maana uti wa mgongo wa mtoto hufunga ndani ya wiki nne za mwanzo, wakati ambapo mama wengi hawajajua kuwa ni wajawazito. Kwa hiyo somo hilo ni la semina za wachumba, lisingoje kliniki ya wajawazito.

Mwenyekiti, sikuja kuwakatisha tamaa wahisani wetu. Wamekuja na swali la kifaa, nasi tunawajibu kwa kuwaonyesha mambo yote yanayokizunguka kifaa hicho. Kama fedha waliyokusudia ni kwa mirija kumi ya bei kubwa, naomba wakubali iwe ya watoto kumi: mrija ambao hospitali inautumia, na kilichobaki kiwe cha kumrudisha kila mtoto hospitalini kila anapohitaji. Wakisema masharti ya fedha yao hayaruhusu nauli, tuwaombe warudi kwa wafadhili wao na karatasi hii mkononi. Tutangoja jibu lao, huku tukianza na tepu na vitanda, ambavyo havihitaji hundi ya mtu yeyote.

Kila kamati naomba ijadili mapendekezo haya matano na kuleta majibu kwa maandishi, hata kama ni ya kupinga. Fomu za safari na orodha ya dalili za hatari kwa Kiswahili na Kisukuma ziko kwa katibu pale mlangoni. Msiondoke bila kuzichukua.